Daftari la Kompyuta Katika Ghala: Faida Yake, Hatari Yake na Haki Zetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa maghala na uchukuzi, Garissa)



Kamati imetutaka tuseme habari ya programu za kompyuta zinazoingia katika maghala, na tutasema kwa lugha nyepesi ili mpagazi na karani, dereva na utingo, wote wafahamu. Hatukuja kuisifu mashine wala kuitukana. Mashine haina urafiki na mtu, wala haina uadui na mtu. Yafaa tujue inafanya nini, nani anaishika, na jina la nani limeandikwa ndani yake siku mali inapopungua.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi programu ya ghala ni daftari, si zaidi ya hapo. Ila ni daftari linalosomwa Garissa na Nairobi na Ulaya kwa dakika ile ile, na lisilosahau.

KAZI YA GHALA

Kazi ya ghala yaweza kusemwa kwa maneno manne: kupokea, kuweka, kutunza, na kutoa. Zamani kila neno katika hayo lilikuwa na karatasi yake. Lori likifika, karani alipokea hati ya mzigo na kuhesabu. Magunia yalipangwa juu ya paleti, na kila rundo lilitundikwa kadi yake: yaliingia mangapi, yalitoka mangapi, yamebaki mangapi. Mwisho wa mwezi rundo lilihesabiwa, hesabu ikalinganishwa na kadi, na kadi ikalinganishwa na daftari kubwa la ofisini.

Njia hiyo haikuwa mbaya, nayo ingali inatumika mahali pengi. Kasoro yake ni kwamba habari ilitembea polepole kuliko lori. Mkubwa aliyeko Nairobi alijua Jumatatu kile kilichotokea Dadaab wiki mbili nyuma. Akaagiza mafuta ya kupikia ilhali mafuta yamejaa tele, na njegere kavu zimekwisha. Kiwandani ni vivyo hivyo. Kinu cha unga kikikosa mahindi, au kikiwa na mahindi kikakosa magunia matupu, mashine husimama, na kibarua huambiwa arudi nyumbani hana mshahara wa siku ile. Kwa hiyo ghala lililovurugika si hasara ya tajiri peke yake. Mfanyakazi huilipa hasara hiyo kabla ya tajiri.

MASHINE YENYEWE YAFANYA NINI

Mzigo ukiingia, hupewa namba yake, na namba hiyo huufuata mpaka mwisho. Namba hiyo mara nyingi huandikwa kwa mistari myeusi na myeupe, kama ile iliyo juu ya pakiti ya sabuni. Mistari hiyo ilisomwa kwa mara ya kwanza dukani huko Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni 1974, kwa pakiti ya chingamu. Leo mpokeaji hushika skana mkononi, huimulika mistari, na kompyuta hujua ni mali gani, ya tarehe gani, imetoka wapi, na itawekwa mahali gani ghalani.

Wakati wa kutoa, programu huchagua mzigo unaokaribia kuharibika utoke kwanza. Huandika hati ya safari, na hupunguza hesabu papo hapo. Na kila kitendo huandikwa pamoja na saa, tarehe, na jina la mtu aliyefungua kompyuta kwa neno lake la siri. Jambo hili la mwisho tulishike vizuri, maana tutalirudia.

Wenzetu wa bandarini Mombasa walitangulia kuyaona haya. Mwaka 2008 Mamlaka ya Bandari ya Kenya ilianzisha mtambo wa kompyuta uitwao KWATOS wa kuongoza makasha na shehena. Kwa hiyo habari hii haikuanza na sisi, wala haitaishia kwetu.

HABARI ZA HUKU KWETU

Garissa haina viwanda vingi. Lakini maghala tunayo, na kazi yake si ndogo. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, chakula kimepita barabara zetu kutoka bandari ya Mombasa kwenda Ifo, Dagahaley na Hagadera. Mwaka 2011 njaa ilipotangazwa rasmi Somalia, tarehe 20 Julai, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wakiingia kambini kwa siku, na kambi zote pamoja zikakaribia watu nusu milioni. Chakula cha watu wengi kiasi hicho hakiwezi kushikwa katika kichwa cha mtu mmoja, hata awe hodari namna gani.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa na programu iliyoitwa COMPAS ya kufuata mzigo kutoka bandarini hadi ghala la mwisho. Katika miaka ya 2010 programu hiyo iliondolewa, na mahali pake pakaingia nyingine iitwayo LESS. Tofauti kubwa ni kwamba katika ile ya zamani kila ofisi ilikuwa na hesabu yake, kisha hesabu hizo zilitumwa na kuunganishwa. Katika hii mpya wote husoma daftari moja. Vilevile mwezi Oktoba 2013, shirika hilo pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi walianza kuthibitisha wapokeaji wa chakula kwa alama za vidole huko Dadaab na Kakuma. Kwa hiyo gunia linahesabiwa linapoingia, linahesabiwa linapotoka, na anayelipokea anajulikana.

Nchi yetu nayo ina mambo yake. Mvua kubwa za Novemba 2023, na tena za mwaka 2024, zilikata barabara kati ya Garissa na Madogo, na malori yakakaa ng'ambo ya Tana. Ghala linalojua hesabu yake sawasawa laweza kusema siku ile ile kwamba chakula kilichopo kitatosha siku kadhaa. Ghala lisilojua hubaki kukisia.

FAIDA TUZIKUBALI

Ndugu, tusiwe watu wa kukataa kila jambo jipya. Faida zipo.

Kwanza, lori halingoji siku mbili nje ya lango kwa sababu karani anatafuta karatasi. Dereva hulala kwake badala ya kulala chini ya lori.

Pili, mali hainyeshewi wala haiozi kwa kusahauliwa nyuma ya rundo. Na mali mbovu hupatikana upesi. Tukumbuke mwaka 2004, sumukuvu ilipoingia katika mahindi huko Makueni na Kitui, wakaugua watu 317 na kufa 125. Mahindi yale mengi yalikuwa ya nyumbani, hayakupita katika daftari lolote. Lakini mahindi ya ghala yakijulikana kwa namba ya mzigo, ukiona gunia moja bovu waweza kuyazuia yote ya mzigo ule kabla hayajafika sufuriani. Na wanaoyala ni pamoja na watoto wetu.

Tatu, mfanyakazi mwaminifu hupata shahidi. Zamani mkubwa aliweza kusema, “Wewe ulipokea magunia 560,” nawe huna la kujibu, maana daftari liko mezani kwake. Leo kama uliandika magunia 557 saa nne na robo asubuhi, kompyuta yasema 557 saa nne na robo asubuhi, wala haimwogopi mtu.

HATARI YA KWANZA: UPUNGUFU USIO WIZI

Sasa twende penye uchungu. Mashine husema upungufu, lakini haisemi sababu. Mtu ndiye anayeitia sababu, na mara nyingi sababu inayotiwa ni jina la karani au la mpagazi.

Hebu tufanye hesabu. Lori la tani 28 huchukua magunia 560 ya kilo 50. Kanuni za Afrika Mashariki zinaruhusu mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Basi katika gunia la kilo 50 lenye unyevu huo, mahindi makavu hasa ni kilo 43.25, na yaliyobaki ni maji. Gunia hilo likikaa katika joto la Garissa, unyevu ukashuka hadi asilimia 11.5, zile kilo 43.25 hazijapungua hata punje, lakini gunia zima sasa lina kilo 48.87. Kilo 1.13 zimepanda hewani. Zidisha kwa magunia 560, utapata kilo 633 hivi, yaani zaidi ya magunia 12!

Mashine iliandika magunia 560 mara kilo 50. Siku ya kupima kwa mizani inaona tani 28 hazikutimia. Magunia 12 yamekwenda wapi? Yamekwenda na jua. Ongeza magunia yaliyopasuka njiani, panya, dumuzi, na punje zilizofagiwa sakafuni, nawe utaona kwamba upungufu si lazima uwe wizi.

Kwa hiyo dai letu la kwanza ni hili: unyevu upimwe siku ya kupokea na siku ya kutoa, na uandikwe ndani ya programu. Magunia yaliyopasuka yaandikwe siku ile ile, na magunia matupu yatunzwe kuwa ushahidi. Na kiasi cha upungufu wa kawaida kikubaliwe baina ya mwajiri na chama, kiandikwe katika mapatano.

Sheria nayo tuijue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri aweza kukata mshahara kwa mali iliyopotea au kuharibika pale tu hasara ilipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na hata hapo akate kiasi cha haki. Tena makato yote pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kukauka kwa mahindi si kosa la makusudi la mtu yeyote.

HATARI YA PILI: NENO LA SIRI

Tulisema kila kitendo huandikwa pamoja na jina. Tuseme karani ametoka kwenda kuswali, na kabla ya kutoka amemwachia msimamizi neno lake la siri kwa sababu lori linangoja. Msimamizi aingiza magunia 20 kuwa yametoka. Kesho yakitafutwa, jina lililo ndani ya kompyuta ni la karani. Hapana wino, hapana mwandiko wa kulinganisha. Zamani mwandiko ulimwokoa mtu, leo haupo.

Kwa hiyo, ndugu makarani, neno la siri ni sahihi yako na kidole chako. Usimpe msimamizi, usimpe rafiki, usiliandike ukutani. Ukiondoka mezani, funga kompyuta. Na mkubwa akikuamuru umpe, mwambie kwa adabu akuandikie amri hiyo kwenye karatasi. Utaona hataandika.

Tena mtandao wa huku hukatika, na minara ya simu imewahi kushambuliwa na kubomolewa katika kaunti zetu. Mtandao ukikatika, kazi huandikwa karatasini, na baadaye huingizwa. Hapo ndipo makosa huzaliwa: hati moja huingizwa mara mbili, au haiingizwi kabisa. Basi nakala ya karatasi itunzwe, iwe na sahihi mbili, ya anayetoa na ya anayepokea, na saa iandikwe. Mtu asihukumiwe kwa kompyuta peke yake wakati karatasi ipo.

Na hili pia lina sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa kusikilizwa. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu hiyo. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, yampa mtu haki ya kutohukumiwa katika jambo kubwa na mashine pasipo mtu kulitazama. Basi mwanachama akiitwa ofisini na kuambiwa, “Kompyuta imesema,” na ajibu, “Namwomba mwakilishi wangu aje, nayo kompyuta ituonyeshe ilichosema.” Akifukuzwa, asikae nyumbani akinung'unika. Apeleke malalamiko kwa ofisa wa kazi kabla ya miezi mitatu kwisha.

HATARI YA TATU: MBIO

Programu yaweza kuhesabu kila mpagazi anabeba magunia mangapi kwa saa. Mkubwa akiona fulani alibeba 40 na fulani 30, atataka wote wabeba 40, na kesho 45. Lakini tazameni uzito wenyewe. Lori la magunia 560 likishushwa na watu 14, kila mmoja amebeba magunia 40, yaani kilo 2,000, tani mbili juu ya mgongo mmoja, kwa lori moja tu. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mzigo anaoubeba mwanamume mzima kwa mkono usizidi kilo 55. Gunia la kilo 50 limo ndani ya kipimo, lile la kilo 90 halimo. Na kipimo hicho ni cha mzigo mmoja. Hakiwi ruhusa ya kumkimbiza mtu kutwa nzima katika joto letu.

Kama mashine imeweza kuhesabu magunia, na ihesabu pia mapumziko, na maji ya kunywa, na saa za ziada za kulipwa.

NGUVU TULIYO NAYO BILA KUJUA

Sasa sikilizeni, ndugu vibarua, maana jambo hili ni lenu. Wako waliofanya kazi ghalani miezi mingi, kila asubuhi wakiitwa langoni kama wageni. Wakidai haki, huambiwa, “Wewe ulikuja siku moja moja, nasi hatuna karatasi yako.”

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Na akitimiza miezi miwili au zaidi mfululizo, ana haki ya masharti ambayo angeyapata kama hakuanza kuwa kibarua. Shida ya siku zote ilikuwa ushahidi. Nani ataonyesha kwamba ulifika?

Daftari la kompyuta laonyesha. Mahali ambapo kibarua amepewa skana au jina lake huingizwa katika kikosi cha kushusha lori, kila siku yake imeandikwa kwa saa na dakika. Mashine iliyoletwa kuhesabu magunia imehesabu pia siku zetu. Na Sheria ya Kulinda Data, kifungu cha 26, yampa mtu haki ya kuyaona maandishi yanayomhusu na kutaka yasahihishwe kama ni ya uongo. Basi ombeni maandishi hayo kwa barua, kwa majina yenu, na nakala ije kwa chama. Mwajiri hawezi kuisifu kompyuta kuwa haikosei inaposema gunia limepotea, kisha akaikana inaposema kibarua alifika kazini siku 90.

MAKARANI WA ZAMANI

Wako wenzetu walioshika kadi na madaftari miaka 20, nao wana hofu, na hofu yao ni ya haki. Sisi twasema anayejua ghala ajifunze kompyuta, maana ni rahisi kumfundisha kompyuta mtu anayejua ghala kuliko kumfundisha ghala mtu anayejua kompyuta. Anajua kwa harufu kwamba rundo limeanza kuota joto, anajua lori lipi hupasua magunia. Mafunzo yawe ndani ya saa za kazi, yalipwe, na yatolewe kwa Kiswahili na Kisomali.

Na kama kazi zitapungua kweli, kifungu cha 40 kipo. Chama na ofisa wa kazi wapewe habari kwa maandishi si chini ya mwezi mmoja kabla, na anayeondolewa alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Twasema haya kwa sababu mwaka 2025 migao ya chakula kambini ilikatwa sana kwa upungufu wa fedha za wafadhili, na magunia yakipungua, zamu za ghalani hupungua. Tusikubali kuambiwa ni mashine iliyotuondoa ikiwa ni fedha, wala kuambiwa ni fedha ikiwa ni mashine. Kila sababu ina jibu lake.

TUNAYOTAKA

Kwa ufupi, ndugu, haya ndiyo ya kupeleka mezani kwa mwajiri kabla mashine haijafungwa:

1. Chama kiambiwe mapema ni programu gani, na itaandika nini juu ya mfanyakazi.
2. Kila mtu awe na neno lake la siri, na amri ya kulitoa iwe marufuku.
3. Unyevu, magunia yaliyopasuka na upungufu wa kawaida viandikwe.
4. Nakala za karatasi zitunzwe, na mwakilishi wa chama aweze kuziona.
5. Mtu asikatwe mshahara wala kufukuzwa kwa neno la kompyuta peke yake.
6. Hesabu ya magunia kwa saa isifanywe kiboko.
7. Siku za vibarua ziandikwe, na wao wazione.
8. Mafunzo yawe ya wote, pamoja na wanawake na wazee wa kazi.

Kila ghala lichague watu wawili, mmoja karani na mmoja mpagazi, wapeleke majina kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Hao wawili ndio watakaohesabu pamoja na mwajiri kila mwisho wa mwezi, na kutia sahihi. Mwenye malalamiko ya upungufu aje na nakala za hati zake mkononi, maana chama chaweza kutetea karatasi, lakini hakiwezi kutetea uvumi.